Moshi wa Shemeji

Mume wa dada yangu alikuwa na gari la kabla ya vita na akili ya kabla ya magari. Mimi ndiye niliyeifungua injini yake na kuiunda upya, kwa pistoni mpya na ringi mpya. Nikamwambia wazi: ringi mpya zinataka kazi ndipo zishike kuta za silinda na kuzuia oili, litoe gari nje ya mji, lipande milima.

Yeye akaona hasara kulichakaza njiani. Kila siku baada ya Laasiri alilisogeza mpaka mwanzo wa kichochoro, mbele ya baraza lao, akaliwasha na kuliacha lingurume pale pale hadi adhana ya Magharibi, wenzake wasikie mlio huku wakinywa kahawa. Kwenda, haliendi.

Haukupita muda likaanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Barazani nikawa mwizi: eti nimetia ringi kuukuu, mpya nimeziuza. Watu wazima wasiojua plagi inakaa wapi! Niliwadharau wote, lakini maneno yao yalienea na wateja wakanikimbia.

Nikalichukua gari, nikatoa plagi. Zote zimelowa oili. Nikamimina kijiko cha oili katika kila silinda, nikarudisha plagi, nikazungusha hendeli ya kuwashia. Iliyokuwa nyepesi ikawa nzito. Oili imeziba upenyo; basi valvu hazina kosa, upenyo uko baina ya ringi na ukuta wa silinda. Nikafungua. Ringi ni zile zile mpya, lakini kuta zilikuwa zinang'ara kama kioo cha kinyozi. Kwa kunguruma bila kazi, ringi hazikupata kushika.

Nikazipiga kuta msasa, nikafunga, nikawapakia wanabaraza wanne pamoja na shemeji, aliyekuwa akizililia springi zake. Tukapanda na kushuka kilima cha Masingini, wao wakisoma dua, mpaka moshi ukakatika. Nikasimama kileleni.

"Mmeona?" shemeji akawaambia. "Nilivyomkaba, kazirudisha ringi zangu."

"Naam, naam," wakaitikia.

Nikazima injini, nikatia ufunguo mfukoni.

"Anayetaka kurudi kwa gari," nikasema, "na aseme hapa hapa nani kaiharibu injini hii."

Walikuwa wanajua: lilinguruma barazani kwao kila siku, na moshi umekatika kwa kupanda mlima. Wakatazamana, wakatazama makubadhi yao. Kisha mmoja akashuka, wengine wakamfuata, na shemeji nyuma yao. Waliona bora watembee mpaka mjini, na jua lile, kuliko kusema neno moja la kweli juu yangu.