Beseni la Mandazi Kwenye Mkutano wa Chama

Nikisikia harufu ya iliki, narudi kwenye bwalo la shule pale Hopkins, ughaibuni, theluji ikiyeyuka chini ya viatu vyetu. Mama, raia mpya, alikuwa amealikwa kwenye mkutano wa chama cha siasa. Yeye alizoea vyama vya akina mama kule Nairobi, ambako hakuna anayekwenda mikono mitupu, basi akaja na beseni la mandazi.

"Bibi, hii ni siasa, si karamu," mwenyekiti alicheka, huku akitafuna la pili.

Ikapigwa kura ya kunyoosha mikono kuhusu kudai basi lipite mtaani kwetu. Mwenyekiti akahesabu, akamruka Mama. Mama akapanda juu ya kiti, vidole viking'aa mafuta.

"Mandazi yangu umeyala," akamwambia. "Na mkono wangu utauhesabu."