Mama wa beignets na neno "calme"

Pa, pa, pa. Kabla hapajapambazuka, kiganja kinapiga unga ndani ya beseni huko Ruashi, pembezoni mwa Lubumbashi. Laurentine Kasonde anaandaa beignets, maandazi ya kukaanga, za kuuza. Makaa yameshika kwenye mbabula, jiko lake la bati, na mafuta yameanza kuchemka.

Binti yake Sephora, mwenye miaka saba, ameketi kwenye kigoda mbali na moto. Ana kifafa.

Zamani kazi yake ilikuwa kupiga kelele beignets zikitaka kugeuzwa. "Alikuwa chef yangu, mukubwa wa kazi," Laurentine anacheka. "'Mama, geuza! Uko nasema sana!'"

Alipoanza kunywa phenobarbital, dawa ya kifafa, kuanguka kulikoma. Kelele nazo zikakoma. Mtoto akawa anasinzia darasani hadi akaachishwa shule, na nyumbani akakaa kama mgeni.

Kila mara muuguzi Onésime wa kliniki alipouliza hali, Laurentine alijibu: "Iko calme." Muuguzi alielewa kwamba kifafa kimetulia. Mama alimaanisha mtoto: amenyamaza kupita kiasi.

"Roho inaniuma, yeye iko nasema 'très bien', muzuri sana!" Laurentine anakumbuka.

Siku jirani yake Edith alipowasindikiza kliniki, aliropoka: "Calme gani? Huyu mutoto, hata kuku ikimunyang'anya mukate, anaangalia tu!"

Onésime akaweka kalamu chini, akamwita daktari. Phenobarbital na dawa nyingine, carbamazepine, zote huzuia kifafa, daktari alieleza, ila phenobarbital huwalemea baadhi ya watoto. Carbamazepine huenda ikamwacha macho zaidi, ingawa nayo yaweza kuleta vipele au kizunguzungu. Wangeingiza ya pili huku wakipunguza ya kwanza polepole. "Usikate mara moja, mama."

Katikati ya kubadilisha, Sephora alianguka sokoni. Laurentine akataka kurudi nyuma. "Afazali alale kuliko aanguke," alimwambia Edith.

"Ulizia kwanza docteur, ndugu yangu. Woga haikusomea udaktari."

Daktari alirekebisha kipimo. Tangu mvua zianze, Sephora hajaanguka tena. Mwezi ujao itaamuliwa kama atabaki na dawa hii. Ikimkubali, mama anataka arudi shule.

"Mimi sitasema tena calme," anaahidi, akitugeukia sisi wageni wake, mwiko mkononi. "Nitaeleza yote: amecheka, amekasirika, amekula..."

Nyuma yake moshi unapanda. Kigoda cha Sephora kinalia.

"Mama, beignets iko naungua."