Siku Kalpana Alipotutia Matatani

Dada Pokuaa amevuka hamsini na bado ana mapenzi ya kitoto, nami nasema hivyo kwa heshima, maana tumepanga naye nyumba moja hapa mtaani Ashtown tangu nikiwa msichana. Akipenda kitu anakipenda mzimamzima, na nyumba nzima tunalazimika kukipenda naye. Mwaka jana zilikuwa kwaya. Mwaka huu ni mwimbaji mmoja kijana wa mtaa wa Suame, mwenye sauti ya mkwaruzo. Pokuaa anaziimba nyimbo zake huku akigeuza viazi vikuu kwenye karai pale njiapanda, hadi wateja wanaitikia. Jioni ni mpira wa kwenye mashine ya michezo, anaoucheza na Boadu, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Anafungwa kila siku, na kila siku anamlaumu kipa.

Lakini kubwa kuliko yote ni tamthilia ya Kihindi, ile waliyoitia sauti za Kitwi, lugha yetu. Mhindi wa watu anafungua mdomo, unasikia Kitwi cha sokoni, matusi yake na yote. Humo yumo Kalpana, mke mpole anayeteswa na mama mkwe. Pokuaa humsimulia utadhani anakaa mtaa wa pili.

Basi Boadu akapata mchumba, Dufie wa mtaa wa Bantama. Chumba kinachopakana na cha Pokuaa kilikuwa wazi. Akakilipia, akakipaka rangi, akatundika mapazia.

"Watakaa hapa," akaniambia. "Mke anapika, mume ananifunga mabao. Mimi nitake nini tena?"

Na kweli hakutaka kingine. Alitaka wale wawili wawe nyuma ya ukuta wake, basi.

Asubuhi ya kwenda kupiga hodi kwa kina Dufie, ndivyo tunavyoita kuposa, msemaji wetu aliamka na homa, sauti hana. Ikabidi aseme Pokuaa. Boadu alimshika mkono kabla hatujaingia.

"Shangazi, nakuomba. Leo televisheni tuiache nyumbani."

"Kwani mimi mtoto?"

Alianza vizuri mno. Tumepita, akasema, tumeona ua kwenye bustani yenu, tumeleta chupa hizi mbili za kinywaji kuuliza kama lina mwenyewe. Wenyeji wakaguna kwa kuridhika. Ndipo Mzee Anokye, mjomba wa Dufie na mwenye neno la mwisho, akauliza, "Na huko mnakompeleka ataishije?"

Pokuaa akajisahau.

"Kwa raha, mzee. Sisi hatutamfanya Dufie kama alivyofanywa Kalpana."

Wanawake wakacheka. Mzee Anokye hakucheka.

"Kalpana ni nani?"

"Yule mke, mzee. Aliyefungiwa stoo."

"Na nani?"

"Na mama mkwe wake."

"Kumbe kijana ana mke mwingine, na mmemfungia stoo."

"Hapana, mzee, Kalpana yuko India."

"Mkampeleka India?"

Boadu alijifunika uso. Kila tulipoeleza ndivyo tulivyozidi kuzama. Mzee akanyoosha fimbo yake, akazisukuma chupa zetu polepole kuturudia, na chupa zikirudi, mke hakuna.

Aliyetuokoa ni Maame Birago, mama yake Dufie. "Kaka, ngoja kwanza. Marudio yake yanaonyeshwa sasa hivi." Akawasha televisheni.

Sijapata kuona hodi ya namna ile. Koo mbili zimevaa vitenge vyao vya shughuli, zinamtazama Kalpana akipika huku analia, na mama mkwe kasimama nyuma yake anapima mafuta kwa kijiko. Mzee alianza kwa kununa. Punde akasogeza kiti. Mama mkwe alipomwaga mchuzi kwa makusudi, mzee akasema, "Mwanamke mshenzi huyu."

"Subiri, mzee," Pokuaa akamjibu bila kugeuka. "Hujaona kitu."

Matangazo yalipoingia, mzee akazivuta chupa upande wake. Kisha akamgeukia Pokuaa.

"Mama mkwe wa Dufie atakuwa wewe?"

"Ni mimi. Kijana nimemlea mwenyewe."

"Wataishi wapi?"

"Kwangu. Chumba nimeshakipaka rangi."

Mzee akaitazama televisheni, akamtazama yeye. "Basi nina sharti moja. Wapange kwao, mbali na mama mkwe. Hamtaki, chupa zenu hizo hapo."

Boadu akafungua mdomo kubisha. Pokuaa akamgusa goti. Mimi ninayemjua niliumia kwa ajili yake, maana niliona chumba kile kinavyomtoka machoni. Angeweza kumwambia mzee kwamba hakuna Kalpana, hakuna mama mkwe, ni watu wanaigiza kisha wanakwenda kula chakula cha mchana pamoja. Hakusema. Hajawahi kusema hivyo maishani mwake.

"Ni haki, mzee," akasema. "Ningekuwa upande wenu, ningeomba hivyohivyo."

Chupa ikafunguliwa, Dufie akaitwa, akakubali mbele ya wote. Pokuaa akanywa glasi yake hadi mwisho. Matangazo yalipokwisha, akavuta kiti karibu na cha mzee, akaanza kumweleza kwa sauti ya chini jinsi Kalpana alivyoolewa.