Neno "May" Katika Barua ya Mnada

Enzi za Mwingereza, kwetu chini ya Mlima Hanang hapakuwa na msichana mwingine aliyesoma Kiingereza ila mimi. Siku moja nikiwa likizo, karani wa jumbe alileta barua ya Kiingereza kutoka boma la serikali, akawasomea wafugaji mbele ya zizi letu: kila mwenye ng'ombe wengi lazima apeleke watano mnadani Katesh. Baba yangu akakaa chini. Katika watano hao wangeingia na mitamba wake watatu wenye mimba.

Nikamsogelea karani. "Shikamoo. Naomba niione hiyo barua."

"Marahaba. Utaiweza?"

"Nitaiweza."

Nikaisoma polepole, mara mbili. "Hapa pameandikwa may, siyo must. Wanaruhusiwa kuuza. Hawalazimishwi."

"Ni yale yale," akasema. "Yote mawili yanatangulia kitendo."

Kwa nafasi ya maneno hayo katika sentensi, alisema kweli. Yote ni maneno ya kusaidia. Hukaa kati ya mtendaji na kitendo, wala hayabadiliki, awe mtendaji mmoja au mia. Anayetazama mahali tu atayaona mapacha. Lakini may humfungulia mtu mlango, atoke akipenda. Must humtoa kwa fimbo. Nikawaeleza wazee hivyo kwa lugha ya nyumbani, wakaelewa kabla sijamaliza.

Karani akakasirika. "Mtoto wa kike anabishana na serikali?"

"Sibishani nayo, baba. Nasoma ilichoandika."

Baba yangu akainuka, akajifunga shuka vizuri. "Twende Katesh sote watatu. Tukamuulize bwana mifugo mwenyewe."

Bwana mifugo, Mzungu mrefu, alitusikiliza akiwa amesimama mnadani. Nilimuuliza kwa Kiingereza: ni may au ni must? Akaitazama barua, akaitazama sura ya baba. "May," akajibu, akamwagiza karani arudi kuwaeleza watu upya.

Karani alifanya hivyo jioni ile ile, kwa sauti ndogo kuliko ya asubuhi. Baba aliuza dume mmoja mzee, kwa hiari yake. Mitamba walibaki zizini.

Wiki iliyofuata karani alikuja tena, safari hii peke yake, akaketi kwenye kigoda nje ya nyumba yetu.

"Mwanangu," akasema, "na shall je? Ni ruhusa au ni amri?"

Nilimwambia ukweli: hilo nilikuwa bado sijamaliza kujifunza. Tukafungua daftari langu, tukaanza kulitafuta pamoja.