Moto Aliouzima Mama

Jina langu ni Perpetua. Ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Matai, na leo napumua kama mtu yeyote. Nimeombwa niandike jinsi nilivyopona pumu iliyonikamata ghafla ikakataa kuniachia, ili wenye ugonjwa huu wasikate tamaa. Nitaandika. Ila msomaji ajue mapema kwamba mimi si shujaa wa habari hii. Nilipona, na kupona kwangu kulimgharimu mama yangu kitu ambacho hakupaswa kukitoa.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa afya na wa mdomo. Utotoni niliwahi kuwa na pumu, nikakua nayo, ikapotea, nikaisahau. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwa mama, huku mwisho wa mji ambako mashamba ya mahindi yanaanzia. Kila asubuhi nilipanda mlima kwa miguu kwenda kazini, na vijana wa ofisini waliokuja kwa bodaboda niliwatania kuwa wamezeeka kabla yangu.

Mama alikuwa mpishi wa pombe ya ulezi. Aliyetaka watu wamsaidie kuvuna alikuja kwake. Aliyekuwa na harusi alikuja kwake, na aliyekuwa na mtoto wa kupata kipaimara vilevile. Pipa lilichemka kwa kuni jikoni nyuma ya nyumba, ukuta mmoja na chumba changu. Pombe ile ndiyo iliyonisomesha. Sare zangu za shule zilinukia moshi wake, na sikuwahi kuona kosa.

Mwaka mmoja kabla ya balaa lenyewe kifua kilinibana kidogo, nikaenda hospitali Sumbawanga. Daktari, mama mmoja mpole wa kutoka Mbeya, alinipa pampu mbili. Ya bluu ni ya kuvuta nikibanwa. Ya kahawia ni ya kuvuta asubuhi na jioni, kila siku, hata nikijisikia mzima. Niliitikia vizuri sana. Nikaitumia ile ya kahawia mpaka kifua kilipotulia, kisha nikaifunga ndani ya kipande cha kitenge nikaiweka kabatini. Nilijiambia kwamba dawa ni ya mgonjwa, na mimi si mgonjwa tena. Dawa zenyewe huku mara zipo, mara zimeisha. Nikajiona mwanamke mwenye akili, anayejua kuweka akiba.

Basi ikaja miezi ya baridi, upepo wa Ufipa ukaanza kukata masikio. Ofisini tukaambiwa tuhamishe majalada yote ya zamani kwenda chumba kingine. Vumbi lilikuwa la miaka mingi, limelala juu ya makaratasi limekuwa kama unga. Nilikohoa mchana kutwa. Nilipofika nyumbani mama alikuwa anakoroga pipa, nikaingia jikoni nimpokee mwiko, na hapo hapo kifua kikafunga.

Ambaye hajawahi kubanwa na pumu anadhani tatizo ni kukosa hewa ya kuingia. Kwangu hewa iliingia kidogo, ikagoma kutoka. Nilikuwa kama mtu anayepumua kwa mrija wa kunywea pombe. Mabega yalipanda hadi masikioni, shingo ikakaza, kifua kikapiga mluzi ambao mama aliusikia akiwa upande wa pili wa pipa. Nilijaribu kusema jina lake, nikapata nusu. Nilikohoa mpaka mkojo ukanitoka, ukanishukia miguuni mbele ya wateja wawili waliokuwa wamekaa wanasubiri. Kucha zangu ziligeuka rangi.

"Usilale," mama aliniambia. "Keti. Niegemee mimi."

Jirani mwenye gari alitukimbiza. Sumbawanga waliniwekea mashine ya mvuke usoni, wakanipa hewa ya mtungi, sindano, na vidonge vidogo vichungu. Nilipoanza kuongea sentensi nzima, daktari yule yule alikuja kitandani.

"Nyumbani mnapikia nini?" aliuliza.

"Kuni," mama akajibu kabla yangu. "Mimi napika pombe, daktari. Jiko limeshikana na chumba chake."

"Moshi huo haumfai kabisa, mama. Na wewe pia haukufai."

Daktari hakusema zaidi ya hapo kuhusu moshi. Aliniandikia dawa, akaniambia nirudi kliniki, na mimi nikaitikia vizuri sana kama kawaida yangu.

Kwa siku zile mama alikuwa na kazi ya Baba Kizito, jirani yetu, ambaye mwanawe alikuwa anapata kipaimara. Kimea kilikuwa kimeshasagwa, kuni zimepangwa. Asubuhi baada ya kurudi niliwasikia kupitia ukutani, mama na moto wake, pipa likianza kuunguruma. Mimi nikakohoa. Nilikohoa tena. Kisha nikasikia maji yakimwagwa juu ya makaa, ndoo nzima, na kimya.

Ningeweza kutoka nikamwambia, mama, subiri, pika leo nje, tutatafuta njia. Sikutoka. Nilivuta shuka, nikaona raha kwamba moshi umekatika.

Baba Kizito alipokuja alikuta pipa limelala ubavu na nguruwe wa jirani wanakula ule uji wa pombe.

"Mama Perpetua, sasa wageni wangu watakunywa nini?"

"Watakunywa soda," mama akasema.

Alicheka akidhani ni utani. Kisha akamtazama mama usoni, akaacha kucheka, akaondoka bila kuaga. Wateja wengine waliona, wakahamia kwa mpishi mwingine upande wa pili wa mji.

Nilinunua jiko la gesi. Mama alilizunguka kwa mbali. "Siwezi kulala nyumba moja na bomu," alisema. Kwa hiyo akawa anaenda kupika ugali kwenye moto wa jirani, anarudi na sufuria kaifunika kwa kanga. Yeye aliyekuwa anapikia mji mzima akawa mtu wa kuazima mafiga. Na hakuota moto tena. Katika baridi ile alikaa amejifunga vitenge viwili, vidole vimemvimba, anasugua magoti.

Cha ajabu, mimi sikupona. Moto ulikuwa umezimwa, na kifua changu kilikuwa kikibana vilevile. Nilibanwa nikifagia. Nilibanwa nikicheka. Nilivuta pampu ya bluu mara kwa mara mpaka mikono ikatetemeka na moyo ukaenda mbio. Mlima wa ofisini sikuuweza tena, nikawa mimi sasa wa bodaboda, na vijana waliniangalia kwa huruma, jambo lililoniuma kuliko kama wangenitania. Mama naye akatafuta kitu kingine cha kuzima. Paka alipelekwa kwa jirani. Kuku wakauzwa. Kila nilipobanwa alitazama huku na huku ndani ya nyumba kuona ni kipi chake bado kimebaki.

Siku moja nilimkuta amekaa jikoni penye majivu ya zamani. Akaniambia bila kunitazama, "Nilikuwa nakubeba mgongoni nikikoroga pipa. Ulikuwa unalia, mimi nakoroga tu. Kumbe nilikuwa nakuua taratibu."

Nilimwambia asiseme hivyo. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi, na yeye alijua.

Nilibanwa vibaya tena, nikalazwa mara ya pili. Safari hii daktari hakuuliza habari za jiko. Alisema, "Nionyeshe dawa zako."

Nikatoa pampu ya bluu, imekwisha.

"Na ya kahawia?"

"Ipo nyumbani, daktari. Ipo kabatini. Naitunza."

"Unamtunzia nani?"

Alivuta kiti akakaa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto wake mkubwa, kwamba njia zangu za hewa zimevimba kwa ndani, na kwamba ile ya kahawia ndiyo inayopunguza uvimbe, siku baada ya siku, hata nisipousikia. Ya bluu inanifungulia mlango kwa muda tu. Vumbi, moshi na baridi vinaniumiza, ni kweli, lakini vinaniumiza hivyo kwa sababu kifua hakina kinga. "Niliambiwa umeshaondoa moshi," alisema. "Umefanya vizuri. Lakini wewe umeacha dawa, kisha unashangaa hupati nafuu."

Akanifundisha upya. Tikisa. Toa pumzi yote. Bonyeza huku unavuta taratibu. Bana pumzi. Ukimaliza, sukutua mdomo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mama alikuwa ametoka nje kutafuta chai. Hakusikia neno hata moja.

Nilianza kuvuta ile ya kahawia asubuhi na jioni. Haikuwa muujiza. Wiki za mwanzo sikuona tofauti, nikataka kuacha tena. Kisha asubuhi moja nilifunga kamba za viatu nikainuka bila kushika ukuta. Baadaye nikapanda mlima nusu. Baadaye mlima wote. Nilikuwa nimepona kadiri mtu wa pumu anavyopona, yaani naishi nayo nami ndiye ninayeitawala.

Hapo ndipo adha yangu ya pili ilipoanza, maana mama alifurahi. Alimwambia kila mtu, sokoni, kanisani, kisimani, "Nilizima moto, mwanangu akapona." Alisema hivyo na uso wake unang'aa. Nami nikanyamaza. Nilijidanganya kwamba ni kweli nusu, kwa kuwa hata daktari alisema moshi haunifai. Tena nilijiambia nikimweleza ukweli nitamnyang'anya hata hiki kidogo alichobaki nacho. Nadhani sababu kubwa ilikuwa nyingine. Niliogopa kuonekana mjinga, mtu aliyesoma, mwenye dawa kabatini, aliyemwacha mama yake akae na baridi.

Jumuiya ilikuja kusali kwetu. Sala ilipokwisha mama akaomba neno. Akasimama, na vidole vyake vile vilivyovimba, akawageukia wanawake wenye watoto mgongoni. "Msikoroge pipa na mtoto mgongoni," akasema. "Mimi nilimharibu huyu wangu. Ugonjwa wake wote ni mimi." Na akaanza kulia mbele za watu, mama yangu ambaye hakulia hata tulipomzika baba.

Nikasimama. Sikumbuki nilianzaje. Najua nilisema kwamba dawa ilikuwa kabatini muda wote, kwamba niliambiwa niivute kila siku nikaacha kwa hiari yangu, kwamba moto ule haukuhitaji kuzimwa kwa namna ile, na kwamba nimelijua hilo tangu siku niliyolazwa mara ya pili. Mwenyekiti wa jumuiya aliangalia kofia yake. Mama akakaa chini, akafunga kitenge chake upya, akasema tu, "Haya. Wageni wanywe chai."

Hakuniongelesha siku hiyo wala siku iliyofuata. Nilipomfuata na kupiga magoti, alisema maneno ambayo bado yapo nami. "Ungeniambia siku ile ile, ningekasirika siku moja. Wewe umeniacha nijichukie hadi leo."

Nilimwomba msamaha. Aliniambia niinuke, sakafu ni ya baridi na kifua changu ni kibovu.

Sasa niseme niliyoombwa kusema. Wewe mwenye pumu, dawa ya kila siku ni ya kila siku. Siku unazojisikia mzima ndizo siku inazofanya kazi. Usiiweke akiba. Muulize daktari akuonyeshe namna ya kuvuta, kisha mwonyeshe wewe, maana unaweza kuvuta mwaka mzima dawa ikaishia ulimini. Ukiona pampu ya bluu inaisha haraka, usijisifu kwamba unaweza kujihudumia, nenda hospitali. Jiko la kuni litengeni na vyumba vya kulala, hata kama hakuna mgonjwa. Na wanaokuuguza waambie ukweli wote wa ugonjwa wako, ukiwemo ule unaokuaibisha, kwa sababu wasipojua watakutolea vitu usivyovihitaji na hawatakuambia vimewauma kiasi gani.

Namshukuru Mungu kwa pumzi. Namshukuru daktari aliyenikemea bila kunidharau, na jirani mwenye gari. Mama sijajua nimshukuruje. Alinipa alichokuwa nacho chote, nami nilikuwa na dawa yangu kabatini. Kila ninapovuta hewa nzuri nalikumbuka hilo, na sidhani nitafika siku ya kutolikumbuka.

Tumemjengea banda la kupikia mwisho kabisa wa kiwanja, mbali na nyumba. Wateja wamerudi wachache. Baba Kizito hajarudi. Jumamosi iliyopita mama aliwasha moto, nami nikasimama katikati ya kiwanja, pale ninaporuhusiwa, tukaongea kwa kupaza sauti kiasi kwamba majirani walisikia yote. Nilimuuliza kama amenisamehe.

Alikuwa ameinamia pipa, anakoroga kwa mikono miwili kwa sababu mmoja hautoshi siku hizi.

"Umevuta dawa leo?" akauliza.

"Nimevuta, mama."

"Basi rudi ndani. Upepo unageukia huko ulipo."