Begi Jepesi Lilivyomsikitisha Shangazi

Kosa letu lilikuwa kwenda kumsalimia shangazi yangu anayekaa Iyunga kabla ya kupanda kwenda Ziwa Ngozi, badala ya kumsalimia tukirudi. Mimi na marafiki zangu wawili tulikuwa tumejigamba tangu Iringa kwamba safari hii tunabeba mabegi mepesi, kama watalii wenyewe.

Shangazi aliyatazama yale mabegi, akasonya.

"Watu watasema hamna ndugu Mbeya."

Hatujamaliza hata chai, mabegi yakawa yameshajaa maparachichi, ndizi na viazi vibichi. Viazi vibichi, juu ya mlima! Lakini nani angethubutu kukataa?

Njia ilikuwa na utelezi, na kila aliyeanguka ilibidi ainuliwe pamoja na viazi vyake. Kule juu, wenzetu wakipiga picha ziwa, sisi tulikuwa tunawabembeleza wageni wapokee maparachichi na ndizi. Viazi tulimpa mama mmoja tuliyekutana naye tukishuka, kisha tukapita Iyunga kuaga, tunatembea kwa madaha.

Shangazi alilinyanyua begi langu kwa kidole kimoja, uso ukamjaa huruma.

"Kumbe mlikuwa na njaa kiasi hiki, wanangu!"

Akachukua panga, akaelekea migombani.