Waya wa Mashine ya Bi Zuhura

Wazee wangu wamepeleka posa kwa Bi Zuhura wa mtaa wa Malindi, kumposa binti yake, na jawabu bado. Juzi akaniita nimtengenezee mashine ya kufyonza vumbi aliyoachiwa na Mzungu, bwana wake wa kazi, wakati wa Mapinduzi. Waya wake ukivutwa ulikuwa haurudi tena ndani. Haki yake niiseme, aliniuliza, "Mwanangu, kweli unazijua hizi?"

"Nnazijua, mama," nikajibu, mimi fundi wa gramafoni za mkono tu!

Nikauzungusha waya wote ndani, kisha springi nikaikaza kama ya gramafoni, mpaka ikagoma. Nikajiona bingwa.

Alasiri wakaja mashangazi wa binti kunitazama. Nikashika plagi kuipeleka ukutani. Waya ukatoka shibiri moja, basi. Kumbe kuuvuta waya ndiko kunakokaza springi, na hii iliyokwisha kukazwa haikuwa na nafasi ya kuuachia. Nikavuta kwa mikono miwili, mashine nzima ikanifuata juu ya zulia kama mbuzi.

Shangazi mkubwa akasema, "Wifi, fundi unaye. Sasa hilo vumbi tumpelekee huko ukutani?"

Wakacheka wote, lakini aliyeanza, nyuma ya pazia, ni yule niliyemposa.